Bwana Magego Amtafutia Mkewe Kasoro

Kwa miaka ishirini na sita Bwana Magego amekuwa akitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye dirisha moja, sinki moja, na rafu iliyojaa mataya ya plasta yanayomkenulia kutwa nzima. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Kazi yake anaijua. Fundi mchanga, ukimpa mdomo usio na kitu, atakupangia meno yaliyonyooka kama askari wa gwaride, na mteja akicheka barabarani kila mtu anajua yametoka karakana. Bwana Magego hafanyi hivyo. Yeye humwita mume au mke wa mteja akamwuliza, "Zamani lipi lilikuwa limelala?" Na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu kwamba hajui. Mume atasema hili la pembeni lilimpanda mwenzake. Mke atasema pale mbele palikuwa na mwanya. Basi fundi analipinda jino moja kidogo tu kwenye nta, na mteja anarudi kwao na mdomo wake.

Mtu wa namna hiyo ungedhani akishika kalamu atajua la kufanya. Hajui. Nasema hivi bila kumchukia, lakini hajui kabisa.

Kwa miaka kumi na moja, kila saa ya mapumziko ya mchana, alikuwa akiandika riwaya juu ya familia ya mwenye duka la vitambaa. Ilipofika kurasa mia tatu na kumi na mbili, akaipeleka kwa mhariri wa shirika dogo la vitabu. Mhariri alikuwa mama mmoja mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na moja kichwani. Baada ya mwezi akamwita ofisini.

"Mzee, nimesoma kurasa mia tatu na kumi na mbili," alisema, "nikisubiri mtu akosee hata namba ya simu."

"Asante sana," alisema Bwana Magego.

"Sikusifu." Mhariri akafungua ukurasa wa arobaini. "Hapa mwizi anavunja dirisha, anaingia ndani. Anafanya nini?"

"Anaona nyumba ilivyofagiliwa, anaona haya."

"Halafu?"

"Anaosha vyombo."

"Na hapa, mwenye duka na mshindani wake wanapokutana mahakamani?"

"Kila mmoja anamtetea mwenzake. Hakimu analia."

"Hakimu analia," alirudia mhariri. Akavua miwani ya puani, akavaa ile ya kichwani, kana kwamba jambo lenyewe lilihitaji macho mengine. "Na aliyenishinda kabisa ni huyu mke wa mwenye duka. Hachoki, hanuni, hasahau. Ukurasa wa tisini anajifungua mapacha, halafu anawaomba radhi wauguzi kwa usumbufu. Mpe kasoro. Moja tu, lakini ya kweli, nami nitakichapa kitabu. Una wiki tatu. Ukishindwa, nafasi yako inakwenda kwa kitabu cha ufugaji wa sungura."

Bwana Magego alitoka na mswada kwapani. Miaka kumi na moja, halafu ashindwe na sungura!

Na usidhani alipenda kuandika malaika. Tatizo lilikuwa nyumbani. Pale nyumbani kila mtu alishajitambua ndani ya kitabu, hata kabla hakijaisha. Mama mkwe wake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi nao, alijua kwamba bibi wa kitabuni ni yeye. Shemeji yake fundi bomba, mdogo wa mkewe, alijua kwamba yule mjomba shujaa ni yeye. Bwana Magego anakula meza moja na watu hao. Kila alipotaka kuandika neno kali, aliukumbuka mkono wa mama mkwe ukigawa nyama, akaandika neno laini. Amani ya nyumba iliongezeka na riwaya ikaharibika.

Jumapili, chakula cha mchana kilipokuwa kinaishia, akapiga moyo konde.

"Jamani, mhariri anataka kasoro."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Za nani?"

"Zenu."

Alishajiandaa kwa vita. Kumbe wenzake walilipokea jambo lile kama mgao. Mama mkwe akaagiza karatasi na kalamu nyekundu, akachora jedwali. Shemeji akanyoosha mkono wa kwanza.

"Mimi nifanye mlevi, ilimradi uniongeze urefu."

"Mlevi wewe, shemeji? Soda tu inakupanda kichwani."

"Ndiyo maana naitaka hiyo. Halafu niwe na futi sita na inchi moja."

Mama mkwe akaandika: mlevi, futi sita. Ile inchi aliikata. Kisha akaandika kasoro yake mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni, akaisoma kwa sauti: "Kuwapenda mno watu wasiostahili." Na alikuwa anamtazama mkwewe machoni.

"Mama, hiyo siyo kasoro."

"Kwangu imeniumiza, mwanangu. Nyumba hii yote inajua."

Wakavutana robo saa. Mwishowe mama mkwe akakubali kuwa bibi anayefungua barua za watu, kwa sharti kwamba iandikwe "kwa nia njema".

"Na mimi?"

Aliyeuliza ni mkewe, Mama Pacha, aliyekaa mwisho wa meza akimenya chungwa. Mama Pacha ni mwalimu wa udereva. Mapacha wake wapo shule ya bweni, na nyumbani huongea kwa sauti ya chini hata paka humsogelea apate kumsikia. Bwana Magego akatabasamu. Aliona hapa ndipo pa kujipatia sifa.

"Wewe mke wangu? Wewe huna kasoro."

Ninyi mlio kwenye ndoa mnajua kilichofuata. Mama Pacha akaacha kumenya.

"Miaka kumi na tisa," alisema Mama Pacha. "Taja kimoja tu."

"Kwa kweli, mama watoto..."

"Wateja wako ukiwauliza jino la mke lilikaaje, wanakujibu papo hapo. Wewe nitajie kitu kimoja ninachokosea. Chochote."

Bwana Magego akajipekua miaka yote kumi na tisa kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Aliona sahani zinakuja, shati limepigwa pasi, mgongo wa mkewe ukitoka mlangoni saa moja asubuhi. Hakupata kitu.

"Anakoroma!" alisema shemeji, akijaribu kumwokoa.

"Sikoromi."

"Ni kweli," alisema Bwana Magego kwa huzuni. "Hakoromi."

Mama Pacha akamaliza kumenya chungwa lake, akainuka. "Basi yule wa kitabuni ndiye mke wako. Mimi hujui hata ni nani." Akaenda kulila chungwa barazani, peke yake, na mlango akaufunga taratibu. Bwana Magego alibaki ameshika tama. Alijua sasa kwamba akishindwa kuipata ile kasoro, kitabu ndicho kitakachokuwa hasara ndogo.

Jumatatu akachukua likizo ya wiki nzima na daftari la shule, akaanza kumchunguza mke wake wa ndoa. Jumatatu aliandika: "Anafunga mlango, kisha anausukuma kuona kama umefungwa." Jumanne: "Anapiga chafya mara mbili. Ya tatu inakuja akiwa ameshasahau." Jumatano alijificha nyuma ya pazia la sebuleni. Mama Pacha alikuja na ufagio, akafagia kuvizunguka viatu vyake, akaendelea na hamsini zake bila kusema neno. Bwana Magego akaandika: "Mvumilivu." Halafu akalikata, maana hilo tayari lilikuwa ukurasa wa pili, wa tisa, na wa kumi na nne.

Ijumaa akaomba kukaa kiti cha nyuma cha gari la mafunzo. Mbele aliketi mwanafunzi, mhasibu mtu mzima mwenye ndevu. Gari likatikisika mara mbili, na hapo ikatoka sauti ambayo Bwana Magego hakuwahi kuisikia.

"Hiyo ni klachi, siyo nyoka! Mbona unaikanyaga kama unataka kuiua? Haya, kioo! Tazama kioo! Siyo uso wako, tazama barabara! Na ule mti usiukodolee macho, ulikuwepo kabla hujazaliwa, hautakupisha!"

Mhasibu alilengwalengwa na machozi. Bwana Magego, kule nyuma, karibu aruke kwa furaha. Akaandika kwa herufi kubwa: ANA HASIRA. Waliposimama kwenye taa nyekundu akamwonyesha daftari.

"Hiyo siyo kasoro," alisema Mama Pacha. "Hiyo ni kazi. Huyu bwana juzi alitaka kutuingiza kwenye duka la magodoro."

"Ni kweli," alisema mhasibu.

Bwana Magego akakata. Likizo ikaisha, wiki ya pili ikaisha, na wiki ya tatu zikabaki siku nne.

Alhamisi asubuhi aliketi karakana na mswada mbele yake, akiupanga vizuri ili mhariri auchukue kama ulivyo, autupe akitaka. Kwa kujifariji akashusha rafuni nakala yake ya kwanza, ile ya mkono ambayo mhariri hakuiona, lakini hakuisoma hadithi. Alisoma maneno ya mkewe. Maana tangu mwanzo walikuwa na utaratibu wao: kila Jumamosi humpa Mama Pacha kurasa za wiki hiyo, naye huzirudisha Jumatatu akiwa ameandika chini kwa wino wa bluu. "Nzuri." "Nzuri sana." "Hongera, baba watoto." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yamemvusha miaka kumi na moja.

Kati ya ukurasa wa mia mbili na moja na mia mbili na mbili akakuta karatasi isiyo ya hadithi, iliyochanganyika humo kwa bahati mbaya palepale karakana. Ilikuwa ni maelekezo ya kiwandani, yale yanayokuja na mfuko wa plasta. "Changanya gramu mia za unga na mililita thelathini za maji. Koroga sekunde sitini. Usiitoe kwenye umbo mpaka ipoe." Na chini yake, kwa wino wa bluu: "Nzuri sana. Imenigusa."

Akasoma mara mbili. Akapekua mbele. Katikati ya sura ya mwisho, ile iliyotakiwa kuwa msiba wa bibi, palikuwa na waranti ya tanuri la karakana, miezi kumi na miwili, vipuri havihusiki. Chini: "Hapa nimelia."

Aliumia. Aliumia hasa, mpaka akalazimika kushika sinki. Miaka kumi na moja mke wake alikuwa akilia kwa ajili ya tanuri. Alitaka kwenda kumwuliza hapohapo, katikati ya barabara, mbele ya wanafunzi wake. Akavaa koti, akalivua. Kisha akaketi, akavuta karatasi tupu, akaanza kuandika. Nje kwenye benchi mzee mmoja asiye na jino alisubiri tangu saa tatu hadi saa saba, na alipouliza kwa upole kama leo atapata kutafuna, aliambiwa na fundi asubiri, kuna mtu ndani anakosea.

Jioni, jua bado lipo, alimkuta Mama Pacha mezani anasahihisha majibu ya mtihani wa alama za barabarani. Akaweka kurasa nne mbele yake.

"Za wiki hii. Nimewahi."

"Haya." Mama Pacha akachukua kalamu, akaishusha moja kwa moja mpaka chini ya karatasi, akaandika N. Hapo akahisi mumewe hajaondoka. Siku zote hukabidhi akaenda zake, kwa aibu ya mwandishi. Leo amesimama. Mama Pacha akainua macho kumtazama, na macho yakapita juu ya mstari wa kwanza: *Mke wa mwenye duka hakuwahi kufungua barua hata moja ya mumewe, lakini alizijibu zote kwamba zimemfurahisha.*

Kalamu ikalala. Akasoma ukurasa ule. Akasoma wa pili, ambapo mwanamke yule anazificha barua zilizofungwa ndani ya kopo la biskuti. Akasoma wa tatu na wa nne, midomo ikicheza, masikio yamepata moto.

"Umejuaje?"

"Plasta."

"Plasta gani?"

"Ile iliyokugusa."

Mama Pacha akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa, hakuwa anacheka na hakuwa analia.

"Ukurasa wa kwanza niliusoma," alisema. "Ule wa kwanza kabisa. Mara mbili, neno kwa neno. Nikamwona mwanamke anaamka kabla ya jua, anatabasamu. Nikajitafuta mle ndani, sikujiona. Nikasema, huyu bwana ana mtu wake huko, acha niwaache wawili hao."

Bwana Magego akaketi. "Ungeniambia, mke wangu."

"Ungeandika kwamba nimekwambia kwa upole."

Na kweli, ndivyo ambavyo angeandika. Mama Pacha akaisogeza karatasi karibu, akaweka kidole kwenye lile kopo la biskuti.

"Hapa umekosea. Huyu hazifichi. Mwanamke wa hivi anazitupa."

"Zote?"

"Zote." Akafikiri. "Isipokuwa ya kwanza."

Bwana Magego akaokota mezani ile kalamu ya bluu ya mkewe, akakata kopo, akaandika. Mama Pacha aliinama juu ya bega lake, akifuata kila herufi.

"Na mumewe akishajua, anafanyaje?"

"Sijui," alisema Bwana Magego, na ilikuwa kweli. "Nilidhani atamsamehe."

"Basi asimsamehe upesi," alisema Mama Pacha. "La sivyo, nitaacha kusoma."