Ramani ya Kijani ya Barabara ya Diff

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Mimi ni mtoto wa Garissa, maji mengi niliyoyajua ni ya Mto Tana, na hapo nikapandishwa boti ya injini kule pwani, kompyuta magotini, tupime intaneti ya mnara wa ufuoni inawafikia wavuvi hadi wapi. Simu ya kupimia inapakua faili tena na tena, kompyuta inarekodi nguvu ya mawimbi na mahali mlipo, kisha ramani inapakwa rangi. Kijani ni netiweki nzuri, nyekundu hakuna kitu.

Simu ilipoanza kusuasua nikasimama, nikaiinua juu. Msimamizi wa Vipimo, mama asiyecheka ovyo, akanivuta shati. "Kaa chini. Mvuvi akipiga simu husimama hivyo?"

Nilikaa, rangi ikawa nyekundu. Somo hilo nililishika miaka mingi, hadi nikarudishwa nyumbani kuongoza vipimo vya kaskazini mashariki. Nikalisahau siku moja tu.

Tulikuwa tunapima mnara mpya kwenye barabara ya Wajir kwenda Diff. Simu ya kupimia na antena yake tulizifunga juu ya paa la pikapu zipate upepo, maana joto la ndani lilikuwa linazima simu. Ramani ikatoka kijani tupu. Meneja wa Kanda alitaka mnara ukabidhiwe wiki hiyo, nami nikatia sahihi karatasi ya makabidhiano pale pale juu ya boneti.

Mkunga wa zahanati ya hapo, Habiba, Msomali ambaye 'p' kwake hutoka 'b' na 'v' hutoka 'f', alikuwa akinitazama.

"Netiweki iko?"

"Iko, sista. Mpaka Diff."

"Juu ya gari yako iko. Mimi sizalishi watu juu ya gari, walaal, ndugu yangu. Ingia. Kaa hapa, biga ambulansi."

Nikaingia zahanati, nikakaa kwenye mkeka, kando ya kitanda cha kuzalishia. Simu haikuita. Nikajaribu mara tatu.

"Juzi mama alikuwa nafuja damu," akasema. "Nikamwacha beke yake, nikabanda tangi la maji kutafuta netiweki. Alibona, alhamdulillahi. Mwingine yuko na mimba ya miezi minane."

Niliona aibu. Niliichana karatasi mbele yake, kisha nikapanda tangi lilelile kumpigia Meneja.

"Ulishatia sahihi, mzee!"

"Nimeichana. Kama unabisha, njoo ukae mkekani upime mwenyewe."

Hakuja. Walikuja mafundi, wakainamisha antena za mnara, ambazo zilikuwa zikirusha mawimbi juu ya vichwa vya watu. Nikarudi mkekani. Kijani kilikuwa hafifu, lakini dereva wa ambulansi alipokea mara ya kwanza.

Sasa nimestaafu, niko Garissa na mbuzi wangu. Vijana mnaopima leo mna vifaa vizuri kuliko vyetu, wala siwaonei wivu. Kaeni navyo chini tu. Mwezi mmoja baada ya antena zile kuinamishwa, Habiba alinipigia. Hata salamu hakuanza nayo.

"Nimekaa chini, walaal," alisema, na kando yake kitoto kilikuwa kinalia.