Ngoma ya Mal-suk na Sahani za Wazee

Asubuhi ya Mwaka Mpya vidole vya Mal-suk havikutulia. Mkono wa kulia uligeuza samaki kikaangoni, wa kushoto ulipiga ukingo wa meza: tung, ta-ta, tung!

"Mama akikusikia utakula mwiko," mumewe Tae-gyu akanong'ona.

"Leo nasema. Wewe usinikane tu."

Alikuwa mke wa kifungua mimba wa ukoo wa Gwon, hapo Andong, kwa hiyo wafu wote wa ukoo walikuwa wageni wake. Baba mkwe, babu, bibi, baba wa babu na wake zake wawili: kila mmoja na siku yake ya kufa, na kila siku ilidai supu, samaki wa kukaanga, matunda mekundu mashariki ya meza na meupe magharibi. Vyombo vya tambiko moja havijakauka, jingine linabisha hodi. Bado shamba la matufaha. Na sasa kikundi cha ngoma cha wanawake wa kijiji kilimtaka aongoze mashindano ya masika, yeye aliyekosa mazoezi kila wazee hao wafu walipokuja kula! Mwalimu wa ngoma, jirani yake, alitaka jibu kabla ya jua la leo kuzama. La sivyo, nafasi ni ya mwingine.

Walipokwisha kuwasujudia wazee na kula, Mal-suk alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, Bun-nam.

"Mama, naomba wazee wote tuwakaribishe siku moja kwa mwaka, mbali na leo na sikukuu ya mavuno. Nataka nafasi ya kupiga ngoma."

Kijiko kikamponyoka Deok-su, baba mdogo wa Tae-gyu. "Ngoma! Wazee waje siku isiyo yao? Watapotea njia!"

"Shemeji," Bun-nam akasema, "baba yako alinusa samaki wa kukaanga kutoka ng'ambo ya mto. Kufa ndiko kumemziba pua? Kama una wasiwasi, mkaribishe kwako. Mkeo akaange."

"Nani, mimi?" sauti ikalipuka jikoni. "Aingie jikoni mwenyewe!"

Nyumba nzima ikacheka. Deok-su akakohoa. "Mimi nimeuliza tu. Siku moja si mbaya... Siku ipi?"

Bun-nam akamgeukia Mal-suk. "Na wewe, mbona umechelewa hivi? Mimi nilichoka kabla hujaolewa. Ningesema mimi, ungedhani mapishi yako nayaona hayafai."

"Na mimi nilikuwa nakuogopa, mama!"

Wakatazamana. Mafuta yote yale, samaki wote wale! Bun-nam alicheka hadi akashika mbavu.

"Jua halikungoji, mtoto. Nenda."

"Na vyombo?"

"Wanaume hawa wana mikono, au wamekuja kuipumzisha?"

Mal-suk hakungoja kuvua aproni. Alijitupia ngoma begani akatoka mbio kwenye theluji, viatu vya Tae-gyu vikimpwaya miguuni.

"Mimi kiti cha mbele!" Bun-nam akapaza sauti mlangoni.

Mwalimu hakuhitaji kuambiwa. Kabla Mal-suk hajafika nusu ya njia, ngoma ya begani mwake ilikwishaanza kumjibia: tung, ta-ta, tung!