Gemu Lililokutwa Kanisani

Mie ndiye msoma matangazo wa kanisa letu hapa Kibamba, na ukali wangu unajulikana. Jumapili iliyopita, kabla ya ibada, nilikuta nyuma ya spika kidude cha kushika mkononi, kina kioo na vitufe. Nikajua ni gemu la mtoto. Nikakichomoa kwenye waya, nikakitia mkobani.

Siku hiyo maneno ya nyimbo hayakutokea ukutani. Nikawalaumu vijana wa mitambo, kama kawaida yangu.

Zamu yangu ilipofika nikakiinua kile kidude. “Wazazi, gemu ibadani ni utovu wa adabu. Mwenyewe asimame.”

Mchungaji akasimama. “Ni changu, mama. Hiyo ni kompyuta kamili, inatumia mfumo wa Linux kama kompyuta nyingine. Ndiyo inayotuonyeshaga nyimbo ukutani.”

Vijana wa mitambo wakageuka wote kunitazama.