Mawe Niliyoyatoa Lundoni

Mimi si mtu wa kuona vitu. Ulizia kijiji kizima cha Qurus, hapa Karatu, watakuambia fundi yule ni mbishi, anabishana hata na mvua. Kwa hiyo haya usiyatie kwenye kapu la hadithi za kijiweni. Yalinikuta mchana, nikiwa nimekunywa chai tu, na ukuta wenyewe upo, ukitaka njoo uutazame.

Kwetu ni Singida, lakini Karatu ndiyo imenilisha kwa kazi ya ujenzi. Kiwanja changu kinapakana na shamba la Mzee Tarmo, Mwiraqw aliyeniuzia. Ndani ya kiwanja palikuwa na lundo la mawe. Nikisema lundo usifikirie kifusi. Lilikuwa refu kunipita, la duara, na mawe yake yamepangwa moja juu ya jingine bila udongo wala saruji.

Kila mtu alikuwa na lake juu ya lundo hilo. Mzee Tarmo alisema ni zizi la Wadatoga waliochunga huku zamani. Jirani yetu Damasi, dereva wa watalii, alikuwa akisimamisha gari na kuwaambia wageni ni kaburi la mfalme. Wiki inayofuata unamsikia akisema ni ngome. Nikimuuliza, anacheka: "Fundi, wageni wa leo si wa jana." Vibarua wangu wa Dodoma wao walishikilia kwamba Mjerumani kafukia mali chini yake. Jumapili moja nikawakuta na sururu. Walichopata ni mjusi.

Mimi nikawacheka wote. Zizi gani halina mlango? Ngome gani mbuzi anaipanda? Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho ni cha kifundi. Ukuta uliojengwa na mtu mmoja unaujua, una mkono wake. Lile lundo kila jiwe lilikuwa na mkono wa mtu mwingine. Hili kaliweka mtu mwenye haraka, hili mtu wa mashoto, hili mtu aliyekuwa na woga. Nani anajenga hivyo? Nikajisemea, mawe ni mawe.

Mdogo wangu Athumani alikuwa akikaa na sisi, mimi na mama. Siku aliyoondoka kwenda Loliondo kwenye kazi ya ujenzi, Mzee Tarmo alimwambia kwamba babu zake walipokuwa wakisafiri, waliacha jiwe pale. Kwa nini? Hakujua, aliona tu. Athumani akaokota jiwe, akalibandika juu kabisa, akatugeukia mimi na mama anacheka. Nikamwambia aache ushirikina, gari litamwacha. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake ana kwa ana.

Kazi ya Loliondo ilikuwa ya miezi mitatu. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Simu haikupatikana tena. Mama akawa anakaa mlangoni kila jioni anaitazama barabara, na ukimwambia aingie ndani kuna baridi, anakujibu baridi haijamzidi nguvu bado.

Mwaka wa tatu nikasema nimjengee mama nyumba ya maana, angalau apate kitu cha kumfurahisha. Mawe ninayo, nikatafute mengine ya nini? Mzee Tarmo akaja na fimbo yake, akaniambia taratibu, "Mwanangu, sisi tulilikuta hili, na tukaliacha." Nikaitikia kwa adabu ya mdomoni. Sikio la kufa halisikii dawa. Nililimaliza lundo lote: msingi, kuta, kona nne. Nikapiga lipu, nyumba ikapendeza, na kila aliyepita aliisifu.

Sasa nisikilize. Ilikuwa mwezi wa saba, ukungu wa kutoka juu Ngorongoro umeshuka mpaka zizi la jirani halionekani. Saa nne asubuhi hivi, mama yuko ndani, mimi nje nakoroga udongo wa ngazi. Nikainua kichwa, mtu amesimama pale lilipokuwa lundo.

Mzee, mrefu, mkavu, kajifunga ngozi. Si shuka, ni ngozi. Miguu yake ilikuwa myeupe hadi magotini, vumbi la magadi kama la mtu aliyekatiza ziwa la kule chini kwenye Kreta ya Ngorongoro. Alikuwa anazunguka akipapasa hewa, kama unavyotafuta swichi ya taa gizani.

Nikamwamkia. Hakuitikia. Akauliza, "Ukuta uko wapi?"

Niamini, aliniuliza kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu Singida. Tena si hiki chetu cha kuchanganya. Kilikuwa Kinyaturu cha bibi yangu, ambacho tangu tumzike sijakisikia kwa mtu. Mkono wangu ukanyooka wenyewe kuionyesha nyumba.

Akaenda. Akaweka kiganja kwenye lipu, akaufuata ukuta polepole mpaka kona ya upande wa barabara, akasimama.

"Langu hili," akasema. "Lina shimo la dole gumba. Nimerudi, nalitoa."

Nilitaka kumuumbua. Nikachukua nyundo na tindo, nikagonga. Lipu ikadondoka. Nyuma yake jiwe jeusi, na katikati ya jiwe, shimo. Yule mzee akatia dole gumba, likaingia lote. Mimi ndiye niliyelipanga jiwe lile kwa mikono yangu, na shimo sikuwahi kuliona. Tindo ikaniponyoka ikaangukia mguu wangu, wala sikuhisi maumivu.

Halafu, usinicheke, bado nilitaka kujua nani alishinda ule ubishi wetu. Nikamuuliza lile lilikuwa jengo la nini. Zizi? Kaburi?

"Anayeondoka anaweka jiwe," akasema. "Anayerudi analitoa lake kwa mkono wake. Yanayobaki ni watu ambao bado wako njiani."

"Na likitolewa na mtu mwingine?"

"Mwenyewe atafika kwao na asipaone."

Akaanza kulivuta. Nikasikia ukuta unalia, ufa mwembamba ukapanda kutoka kwenye kona, na ndani mama akakohoa. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo ni jiwe la kona. Likitoka ukuta unakuja wote, na mama yangu yumo ndani. Chukua jingine."

"La nani?" akauliza.

Aliniangalia bila hasira hata kidogo, akalitoa dole lake. "Basi sijarudi," akasema, akageuka kuondoka. Hatua chache mbele ukungu ukianza kummeza, akasimama.

"Na la yule kijana aliyekuwa anacheka, umelitia wapi?"

Nilikimbilia kwa Mzee Tarmo, nikamkuta amekamata ua wa shamba lake kwa mikono miwili. Naye alimwona. Alipita akamsalimia, anasema, kwa Kiiraqw cha babu zake.

Mama sikumwambia. Niliogopa. Hazikupita wiki mbili simu ikaita, namba ngeni.

"Kaka, mmehamia wapi?"

Athumani. Nilimjua kabla hajamaliza. Akaniambia baada ya Loliondo alifuata kazi nyingine mbali, simu yake ikaibiwa, namba yangu kaipata juzi tu kwa shangazi yetu Singida. Akasema mwaka huu amekuja Karatu mara tatu. Anashuka stendi, anatembea hadi Qurus, watu wanamwelekeza vizuri, akifika kwenye ile kona ya njia anakuta ukungu na shamba tupu. Anaita, hakuna anayejibu. Akitembea kidogo anajikuta amerudi kwenye lami. Hata sasa alikuwa stendi, analia, mtu mzima. Akauliza, "Mama yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, abaki hapo hapo stendi, asisogeze mguu. Nikapanda bodaboda. Nikafika, nikampigia. Akasema amesimama mbele ya duka la vipuri lenye mlango wa bluu. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya duka la vipuri lenye mlango wa bluu. Basi likapita mbele yangu likapiga honi, na honi hiyo hiyo nikaisikia ndani ya simu. Nikanyoosha mikono kama mwendawazimu, watu wananishangaa. Simu ikakatika. Mpaka leo haijapatikana.

Nilirudi nikamweleza mama yote, tangu lundo. Nilitegemea anilaani. Akabeba godoro lake akalitoa nje, akasema neno moja: "Bomoa."

Nikaegemeza paa kwa mirunda, nikaanza na ile kona. Jiwe lenye shimo nililipeleka pale lilipokuwa lundo, nikaliweka peke yake. Asubuhi halikuwepo. Yule amerudi kwao, nami namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini la Athumani ni lipi? Aliliokota tu, akalibandika, akacheka. Sikulitazama. Kila siku baada ya kazi natoa machache nayarudisha pale. Kila moja namwonyesha mama, naye analipapasa, anatikisa kichwa. Tunalala kwenye banda la mabati. Damasi bado anasimamisha gari na wageni wake. Sasa wanatupiga picha sisi, na sijui anawaambiaje. Wakiniuliza lundo lilikuwa la nini, nainama kuchukua jiwe jingine.

Wewe unayenisikiliza, ukikuta mawe yamepangwa na hujui yamepangwa na nani, usiyaguse. Hata kama ni mazuri, hata kama yako kwenye kiwanja chako.

Na ukipita stendi ya Karatu ukakutana na kijana mrefu, fundi, mwenye kovu kwenye kidevu, anaulizia njia ya Qurus, tafadhali usimwelekeze. Ameelekezwa sana. Mshike mkono umlete mwenyewe, usimwachie hata ukungu ukiwafunika. Nyumba yetu sasa haina ukuta wa upande wa barabara. Mama utamkuta amekaa hapo.