Mlango wa 8144

Kwa siku tatu Geok Eng hakupata usingizi kwa sababu ya ramani ya meli ya kitalii waliyopanga kusafiri nayo. Binti yake, Li Fen, alimwekea simu yake juu ya meza ya jikoni, kando ya bakuli la uji wa wali, na vyumba vya meli vilijipanga kwenye kioo kama masanduku ya posta chini ya ghorofa lao.

"Mama, hiki kina roshani. Baba atakaa nje aangalie bahari. Si ndiyo hamu yake tangu zamani?"

"Roshani!" Geok Eng akashika kifua. "Unataka nimzike baba yako bila mwili?"

Wala hakuwa akitia chumvi. Kim Swee, mumewe, alichomelea vyuma vya meli miaka thelathini na nane, na hakuna hata moja aliyowahi kusafiri nayo. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Alikuwa anainuka, anavaa viatu, anatoka bila kuaga, na mara mbili polisi walimrudisha kutoka kituo cha mabasi cha Toa Payoh. Ndiyo maana Geok Eng alifunga kengele ndogo ya shaba kwenye geti la nyumba yao, kwa uzi mwekundu. Ikilia tu, awe chooni au jikoni, moyo ulimruka. Kufa kwake mwenyewe hakukumtisha sana. Alichokiogopa ni kugeuka siku moja na kukuta Kim Swee hayupo.

Basi roshani ikafutwa. Chumba chenye dirisha nacho kikafutwa, maana mzee alikuwa fundi, na kitu kilichofungwa kwa fundi ni kitu cha kufungua. Vikabaki vyumba vya ndani.

"Haya," Li Fen akasema. "Nyinyi 8144, mimi na watoto 8146. Katikati kuna mlango wa kupitia. Baba akiinuka, hata mimi namsikia."

"Nne mbili? Una wazimu? Nne inatamkika kama kifo!"

"Mama, bado tu mambo ya namba?"

"Wewe hujaishi kwenye nne. Mimi nimeishi."

Na kweli aliishi. Walipooana walipewa nyumba ya ghorofa ya nne, namba arobaini na nne, iliyokataliwa na kila aliyewatangulia kwenye foleni. Kim Swee alicheka tu, akasema kuta ni kuta. Humo mimba ya kwanza ikaharibika, na ya pili pia. Geok Eng aliilaumu ile namba miaka tisa, mpaka wakahama, na hajaisamehe hadi leo.

Akachagua 8188 kwa kidole chake mwenyewe. Nane tatu, heri tupu! Kilikuwa mwisho kabisa wa korido, milango ishirini na mmoja kutoka kwa Li Fen, lakini alijiona ameshinda. Pembeni ya chumba hicho, kwenye ramani, palikuwa na alama ndogo ya mlango mwingine. Hakuuliza ni wa nini. Aliyekwisha kupata nane tatu anauliza nini tena?

Li Fen akavichukua 8144 na 8146 vyote viwili, 8144 akawapa watoto. Akampa mama yake kadi ya akiba ya kufungulia chumba cha watoto, na Geok Eng akaining'iniza shingoni pamoja na yake huku amekunja uso.

Siku ya kupanda meli, Kim Swee alisimama mbele ya 8188, akagonga mara tatu, akasogea pembeni ili roho wasioonekana wapate kutoka, kama afanyavyo kila mwenye adabu katika chumba cha ugenini. Kisha akavua viatu, akavipanga mlangoni. Geok Eng akafarijika kwamba angalau hilo hajalisahau. Alipogeuka ndipo akauona ule mlango wa pili, hatua nne tu kutoka kwao. Ulikuwa wa chuma, na nyuma ya kioo chake cha duara palikuwa na sitaha, ukingo, na maji.

Alimkimbilia mhudumu, mama mmoja wa Manila.

"Tubadilishie chumba, tafadhali."

"Meli imejaa, mama. Samahani sana."

Akaifunga kengele kwenye kitasa kwa mafundo mawili.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, wakajinyoosha kidogo. Geok Eng alifumbua macho kwenye giza la kaburi. Chumba kisicho na dirisha hakikwambii kama ni mchana au usiku. Akapapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa baridi.

"Baba Li Fen?"

Akawasha taa. Kengele ilikuwa juu ya zulia, mafundo yamefunguliwa kwa ustadi, uzi umekunjwa vizuri pembeni yake.

Aliinyakua akatoka peku. Kumbe ulikuwa mchana mweupe, na ule mlango wa chuma ulikuwa unajifunga polepole. Akausukuma, akafika ukingoni, akainama. Chini kabisa maji yalikuwa yanachemka meupe, na kila povu lilikuwa fulana ya mumewe. Akaita. Upepo ukamrudishia sauti yake.

"Ni mimi," akasema kwa sauti. "Mlango huu nimemchagulia mimi."

Akarudi ndani akakimbia koridoni kumtafuta Li Fen, kengele ikilia ngumini mwake. Ghafla akasikia: ngo, ngo, ngo. Kimya. Tena: ngo, ngo, ngo.

Kim Swee alikuwa amesimama kando ya mlango wa 8144. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa chini, ncha zimeelekea nje.

"Unafanya nini hapa wewe!"

Alimtazama kwa heshima, kama jirani mgeni.

"Samahani, mama. Mke wangu yumo humu, hafungui. Nimetoka kazini. Namba ndiyo hii, arobaini na nne."

Geok Eng akamsogelea. "Mkeo... anaogopa nini humu?"

"Namba tu," Kim Swee akatabasamu. "Lakini mimi nikiwepo haogopi."

Geok Eng aligonga mara tatu, akasogea pembeni, akasubiri. Kisha akafungua kwa kadi, akavuka kizingiti alichoapa hatakivuka, akamshika mkono akamketisha kati ya nguo za kuogelea za wajukuu.

"Atakuwa sokoni," Kim Swee akasema. "Tumsubiri."

"Tumsubiri," akaitikia.

Akaenda kuifunga kengele kwenye kitasa. Akapiga mafundo mawili, akaongeza la tatu.