Corolla ya Bi Mwanasiti Yatiwa Baridi

Kila anayeingiza gari kwenye feri ya Likoni hutangaziwa, kwa sauti ya utulivu itokayo kwenye vipaza sauti, kwamba injini zote ni lazima zizimwe mpaka chombo kifike ng'ambo. Hutangaziwa vilevile kwamba abiria wa miguu hawaruhusiwi kabisa kusimama katikati ya magari. Masharti haya, tunakumbushwa, yamewekwa kwa usalama na starehe ya kila msafiri. Ni tangazo lililopangwa vizuri, lenye mwanzo na mwisho, na watu wa Likoni wamelisikia mara nyingi mno hata hakuna alisikiaye tena.

Bi Mwanasiti wa Timbwani ni mmoja wao. Yeye ni mpambaji wa maharusi, kazi aliyoirithi kwa mamake pamoja na vijaluba vya wanja. Gari alilirithi kwa marehemu mumewe: Corolla DX nyeupe, yenye umri mkubwa kuliko maharusi wanaopandishwa ndani yake, na mapazia mekundu ya mahameli aliyoyashona mwenyewe.

Mapazia hayo si urembo. Bibi harusi hatakiwi kuonekana na mtu mpaka akalishwe jukwaani mbele ya wanawake wenziwe, kwa hiyo husafirishwa vioo vimepandishwa na mapazia yamefungwa. Mwezi wa pili, ndani ya Corolla ile, heshima hii humwoka mtu kama mkate wa mofa.

Mwaka jana bibi harusi mmoja alifika ng'ambo, kisiwani, poda imeshuka shingoni na wanja umechimba mito miwili mashavuni. Shangazi za bwana harusi walimpokea kwa huruma iliyosikika ukumbi mzima.

"Masikini," akasema mmoja wao. "Ulikuwa ukilia, ama huko kwenu kwanyesha?"

Tangu siku hiyo familia za Likoni zikaanza kuwavusha binti zao nyuso tupu, wakapambwe na wapambaji wa kisiwani wenye vyumba vya baridi. Msimu huu Bi Mwanasiti alibakiwa na harusi moja tu, ya Nusaiba, mjukuu wa jirani yake. Nyanya ya Nusaiba alikuwa ameapa kwamba hakuna msichana atakayetoka nyumbani kwake bila kupambwa, kama kifurushi cha posta.

"Huyu naye akiyeyuka," Bi Mwanasiti alimwambia fundi Kitsao, "basi mimi kazi sina. Nitakaa barazani niuze mahamri."

"Mahamri yako nishayala, mama," akasema Kitsao. "Bora tutengeneze gari."

Kitsao ana gereji Mtongwe, ubavuni mwa ukuta wa ghala lisilotumika. Corolla ile ilitoka kiwandani bila kifaa chochote cha baridi, na kiwanda hakikuacha hata nafasi ya kujutia jambo hilo. Nafasi ikabidi ichongwe. Kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mambo yote, ilitoka kwa Probox iliyopinduka. Wavu wa kupozea, ule unaokaa mbele ya rediata, ulitoka kwa gari la mkate. Kisanduku cha kupulizia baridi kilitoka kwa matatu iliyostaafu. Kilipofunguliwa kilitema maganda ya njugu na hereni moja.

Vitu hivi havikuwa vimewahi kukutana, na ilikuwa lazima vifungwe mahali pamoja kwa chuma imara. Kitsao akaleta kipande cha chuma, akakikata, akakichomelea pembeni mwa injini.

"Hiki si cha kitanda?" akauliza Bi Mwanasiti.

"Ni cha kitanda."

"Cha nani?"

"Changu. Mke wangu yuko kwao Kaloleni. Akirudi atakuta nishakitengeneza."

"Na akirudi kabla?"

"Nitakuja kulala humu. Angalau kuna baridi."

Baridi yenyewe ilikuwa haijafika. Mara ya kwanza kompresa ilipowashwa, injini ilishusha pumzi, ikatetemeka kama mzee aliyebebeshwa gunia, ikazima. Kitsao akairekebisha kabureta ili injini ipate nguvu ya kubeba mzigo huo mpya. Mara ya pili mkanda ulilia mpaka mbuzi wa Mtongwe wakajibu. Mara ya tatu upepo mkavu, wa baridi, wenye harufu kidogo ya njugu, ulitoka chini ya dashibodi, na watu wawili wazima wakaweka mikono mbele yake.

Bi Mwanasiti si mtu wa kuamini mkono. Alijipamba uso mzima, poda, wanja na rangi ya mdomo, akakaa nyuma, mapazia yakafungwa, na Kitsao akamwendesha jua la saa saba mpaka mtaa wa Shika Adabu na kurudi. Alishuka uso ukiwa vilevile. Vijana wa bodaboda wakashangilia.

"Bi Mwanasiti! Umeolewa?"

"Nimeposwa na Probox."

Majaribio yote, basi, yalifanyika upande huu wa maji. Watu wawili waliovuka kivuko kile tangu wakiwa migongoni mwa mama zao walifikiria mkanda, wakafikiria gesi, wakafikiria joto la rediata.

Siku ya harusi Kitsao aliendesha mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na mkanda ule. Kwenye foleni ya feri Nusaiba alisema, kutoka ndani ya shela lake, kwamba anahisi baridi. Bi Mwanasiti akampa shali. Katika maisha yake ya kazi hajaambiwa maneno matamu kuliko hayo.

Wakaingia kwenye feri. Lori la makuti likawa mbele yao, la saruji nyuma. Mhudumu akapiga boneti kwa kiganja: "Zima!" Kitsao akazima. Feni ikapuliza vuguvugu kidogo, kisha haikupuliza kitu.

"Kitsao," akasema Bi Mwanasiti polepole, "baridi imekwenda wapi?"

"Imeshuka, mama. Imebaki Likoni."

Juu yao vipaza sauti vilikuwa vikisoma. Kwa mara ya kwanza walisikiliza neno kwa neno.

"Tangazo hili ni jipya?"

"Ni la zamani kuliko gari."

Tone la kwanza lilitokea juu ya nyusi za Nusaiba. Bi Mwanasiti akalikausha kwa pamba. Likatokea la pili.

"Somo, nafungua dirisha," Nusaiba akamwambia mpambaji wake.

"Ukionekana, nyanyako hatanisamehe."

"Na nikiyeyuka?"

Bi Mwanasiti akafungua mlango, akatoka, akajipenyeza kati ya magari mpaka akawaona abiria wa miguu waliojaa pembeni.

"Wanawake wenzangu!" akaita. "Nina bibi harusi anaungua humu. Nisitirini!"

Likoni neno hilo halihitaji maelezo. Watatu wakaja wakivua leso zao za juu huku wakitembea.

"Anaolewa wapi?" akauliza mmoja, mchuuzi wa mabuyu.

"Kibokoni, kisiwani."

"Mashangazi wa Kibokoni? Basi ana haki ya kutoka jasho."

Walisimama, haswa, katikati ya magari. Leso zikatandazwa hatua moja kutoka kwenye vioo, mapazia yakafunguliwa, vioo vikashushwa, na upepo wa mkondo, ambao haukutoka kwa Probox wala matatu, ukaingia kwa juu na kumkausha Nusaiba. Mtu akapiga kigelegele.

Hapo ndipo mhudumu alipokuja mbio. Kifuani ameandikwa Oduor.

"Akina mama, hapa hakusimamwi! Si mmesikia tangazo?"

"Tumelisikia, baba," akasema mwenye mabuyu. "Limesema starehe ya msafiri. Msafiri ndiye huyu. Na dirisha lile la mbele liko uchi."

Oduor akalitazama dirisha.

Nusaiba alifika Kibokoni uso wake ukiwa kama ulivyotoka Timbwani. Shangazi za bwana harusi waliukagua kwa makini, hawakuona kasoro, wakauliza mpambaji ni nani. Mmoja ana binti wa kuozwa baada ya mwezi wa Mfungo Tatu. Bi Mwanasiti sasa ana leso za akiba nyuma ya gari. Kitsao husema ni baridi yake iliyookoa harusi, naye hambishii. Kitanda bado hakijarudi.

Leso siku ile zilikuwa tatu. Dirisha la nne lilisitiriwa kwa jaketi ya njano, ya namna ile wanayopewa wahudumu wa feri ili waonekane.