Ndoo ya pili

Nyie, leo nimemng'ata kaka yangu mpaka damu, na sijutii!

Ni bethdei ya Mama, katimiza sitini. Toka asubuhi nipo uani na sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, mpaka ikasimama keki ya chokoleti, ghorofa tatu.

Si mnajua mwenye bethdei lazima amwagiwe maji? Basi Kaka Shabani kajificha nyuma ya mlango na ndoo, anamsubiri Mama.

Akatokea mtu. Akamwaga.

Kumbe ni mie. Na keki mkononi, juu ya sinia.

Ghorofa zote tatu zikaporomoka miguuni kwangu kama tope la Mto Msimbazi. Halafu akacheka!

Hapo nyie mngefanyaje?

Mie nikamtandika sinia la kichwa. Akanivuta nywele, nikamng'ata bega. Tukabiringishana kwenye chokoleti, watu wazima, watoto wetu wanatuangalia.

Ghafla maji ya baridi, mwaa!

Mama huyo. Mkavu kabisa, kashika ndoo ya pili, katumwagia yote kama watu wanavyoachanisha mbwa.

"Mkimaliza kuuana," akasema, "njooni mniimbie."